Taazia ya Mtoto wa Sinema

Nikiwaambia watu wa Nairobi kwamba jirani yetu wa Garissa alikuwa mwigizaji wa sinema za Kiurdu na Kipunjabi, hunitazama kwa huruma, kisha huniongezea chai. Sibishani nao. Mtu aliyeujua mji wetu kupitia gazeti, tena ukurasa wa habari za risasi, hawezi kuamini kwamba palikuwa na kitu kingine humo. Lakini mimi nilikulia mlangoni pake, na haya ninayoyaeleza niliyaona kwa macho haya haya ambayo sasa hayasomi bila miwani.

Nyumba yake ilikuwa ya mawe, ikitazamana na ua wetu wa miti na mikeka. Katikati palikuwa na barabara ya mchanga iliyotumiwa zaidi na mbuzi kuliko magari. Mumewe alikuwa Mpunjabi Mwislamu, mwenye duka la sukari, majani ya chai na vitambaa, na malori yaliyokwenda Habaswein na Wajir, mpaka vita vya shifta vilipoanza na barabara ile ikawa haipitiki ila kwa msafara wa askari. Mama yangu alikuwa muuza maziwa. Baba alikufa kwa ugonjwa kabla ya Uhuru, akamwacha mama na sisi wawili, kaka yangu na mimi. Kila asubuhi mama alivuka ile barabara na chombo cha maziwa, na mimi nikifuata nyuma yake.

Watoto wa mtaani walimwita yule mama Hindiya. Mimi niliamriwa nimwite habaryar, yaani mama mdogo, na mama yangu hakuwa mtu wa kurudia amri.

Wakubwa walijua tu kwamba alitoka Lahore. Mimi nilijua zaidi kwa sababu nilikuwa mdaku, na kwa sababu yeye alikuwa mpweke. Alikuwa akikanda unga wa chapati barazani huku akinisimulia, kwa Kiswahili chake kilichokosa viungo, jinsi alivyoingia kwenye sinema akiwa msichana. Baba yake alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi. Siku moja watu wa filamu walikusanya wasichana wa mtaa, wakawaambia walie. Wengine walipaka kitunguu machoni, wengine walijifinya. Yeye alikaa tu, akalia, mpaka yule mwongozaji akamwomba anyamaze. Hakuchaguliwa kwa uzuri, aliniambia, na sikumbishia, maana pua yake ilikuwa kubwa na alikuwa na haki ya kuijua mwenyewe.

Alianza kwa kuwa rafiki wa mpenzi wa shujaa, yule anayepeleka salamu na kusahaulika kabla ya harusi. Halafu akapata filamu moja ya Kipunjabi ambamo yeye ndiye aliyependwa. Aliimba kisimani, aliimba shambani, aliimba juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Nilimwomba aniimbie. Akacheka, akasema hajapata kuimba hata ubeti mmoja. Kulikuwa na mwanamke mwingine, mnene, mwenye kikohozi, aliyeimba akiwa amefichwa, na kazi yake yeye ilikuwa kufungua na kufunga mdomo. Nikamwambia huo ni udanganyifu. Hakukasirika. Alisema yule mwenzake hakuwa na sura ya kuonyeshwa, na yeye hakuwa na sauti ya kusikizwa, basi kila mmoja alitoa alichokuwa nacho.

Baada ya hapo ujana wake kwenye sinema uliisha ghafla. Sinema za Kiurdu zilitaka mama wa kulia, na hakuna aliyelia kama yeye. Walimpaka poda nyeupe kwenye nywele, wakamchorea makunyanzi, na kabla hajafika miaka thelathini alikuwa mama wa wanaume waliomzidi umri. Alifiwa filamu baada ya filamu. Ndipo mfanyabiashara mmoja kutoka Kenya, aliyekwenda Lahore kwenye harusi ya ndugu yake, akamwona na kukataa kurudi bila yeye. Wakwe zake wa Nairobi walisema mwigizaji haingii jikoni kwao. Basi mume akamleta Garissa, akidhani ni mahali pazuri pa kuficha mke. Ni mahali pazuri kweli, kama huwajui wanawake wa Garissa.

Hata hivyo nitamtetea kwa jambo moja. Tangu nimjue, hakuwahi kuvuka mlango wake bila mtandio kichwani. Nadhani alijua watu wangesema nini siku ukiteleza.

Katika mwaka wa pili wa vita mumewe alirudi na msafara akiwa na mashine ya sinema iliyochakaa na mkanda wa filamu aliouokota kwenye jumba moja la Nairobi lililokuwa likitupa takataka. Ilikuwa filamu ya mkewe. Sehemu ya mwanzo ilikuwa imeungua, ya mwisho haikuwepo. Usiku kulikuwa na kafyu, kwa hiyo sinema ilionyeshwa mchana baada ya sala ya adhuhuri, ndani ya ghala la sukari, madirisha yakiwa yamepigiliwa magunia. Zamu ya kwanza ilikuwa ya wanawake. Zamu ya wanaume haikufika, maana wakubwa wa serikali walisikia habari ya mkusanyiko, wakaupiga marufuku.

Tulikaa juu ya magunia, jasho likitutoka, shuka likiwa limetundikwa ukutani. Jenereta ikanguruma, na pale pale, bila utangulizi, tukamwona jirani yetu. Alikuwa na mvi, anasaga nafaka. Wanaume wakaingia uani wamebeba kijana juu ya kitanda cha kamba, ameuawa. Yeye akainuka taratibu. Akauvua mtandio wake kichwani, akamfunika yule kijana uso, kisha akalia. Hatukujua Kiurdu, wala hatukukihitaji. Wanawake waliokuwa wamekuja kucheka walianza kufuta macho kwa ncha za shela. Halafu mkanda ukakatika, shuka likabaki jeupe, na mumewe akafungua mlango.

Sasa naomba msomaji asicheke upesi. Picha tulizozijua sisi wakati ule zilikuwa za kipande cha utambulisho na za pasi ya kusafiria. Picha ilikuwa ushahidi wa serikali, mtu hafungwi wala haachiliwi bila picha. Nasi tulikuwa tumemwona kwa macho yetu, ni yeye, na tumemwona mwanawe amekufa. Asubuhi yake wanawake wa mtaa mzima wakaenda kumpa taazia. Kila mmoja alibeba kitu chake, huyu sukari, yule majani ya chai, na mama yangu chombo kilichojaa maziwa, ambayo siku ile hakuyauza.

Habaryar alitoka akatukuta barazani, tumeinamisha vichwa. Mama akamshika mkono.

"Bole sana, walaal," alisema. Walaal ni ndugu, na hiyo p mama hakuwahi kuipata mpaka anaingia kaburini. "Tulikuwa hatujui kama umefiwa."

"Mtoto ile si yangu, mama. Ile kazi tu."

Mama alinitazama, akamtazama tena. Kazi gani ya kufiwa? Bibi mmoja aliyekuja nasi akasema kwa Kisomali kwamba uchungu ukizidi, mzazi humkana mtoto, tumwache tu. Habaryar alifungua mdomo aeleze tena. Halafu akaufunga, akatandika mkeka, akakaa chini kama mfiwa, na akatupokea mmoja mmoja mpaka tukaisha.

Aliyetufungua macho ni kaka yangu. Alikuwa amesoma, alijua sinema ni nini, na aliposikia alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka. Kwa siku nyingi akawa kila chombo cha maziwa kikipungua, anauliza kama kimepelekewa marehemu wa shuka. Kaka yangu alikuwa na kicheko cha kuambukiza, mtu huwezi kumkasirikia ukamaliza. Mama alijifanya kukasirika. Lakini aibu ilimshika kweli, na akanichukua tukaenda kuomba radhi.

Ndipo habaryar akatwambia jambo ambalo hakuwa amenisimulia hata mimi. Alizaa mtoto wa kiume Nairobi, kabla hajaletwa kwetu, mwaka ule ule wa kwanza wa ndoa, na mtoto hakuishi. Wakwe hawakuja. Hakuna mtu aliyeingia mlangoni kumwambia pole, kwa sababu aliyefiwa alikuwa mwigizaji, na labda walidhani kwake kufiwa ni mazoea. Taazia yetu, alisema, aliipokea kwa niaba ya yule mtoto. Tusiombe radhi.

Mama alimwachia maziwa ya siku ile, na tangu hapo hakumwita tena Mhindi, hata nyuma ya mgongo wake.

Kaka aliondoka msimu wa kiangazi. Alisema anakwenda Wajir kumsaidia mjomba dukani, na mama akaueleza mtaa mzima hivyo hivyo, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. Siku hizo vijana wengi walikuwa "wamekwenda Wajir." Hakuna aliyeuliza mwenzake ni duka la nani. Mimi nilijua alikwenda porini kwa kuwa aliniachia kalamu yake, na kaka yangu hakuwa mtu wa kutoa kalamu. Sisemi kama alifanya vyema au vibaya. Nimesikiliza wazee wakibishana juu ya vita vile miaka yote hii, na wenye hakika zaidi ni wale ambao hawakumzika mtu.

Ilikuwa hivi: shifta, yaani wale waasi wa porini, wakiuawa, maiti zao zililetwa mjini na kulazwa uwanjani, karibu na soko la mifugo, na watu wote wakaitwa kupita mbele yao. Walisema ni ili tuone mwisho wa uasi. Kwa kweli wao ndio waliotaka kuona. Askari walisimama kando wakizitazama nyuso zetu, maana anayelia ana wake pale. Mara ya kwanza mwanamke mmoja wa upande wa mto alimlilia mtoto wa dada yake. Kabla jua halijazama nyumba yake ilikuwa majivu, mbuzi wake wamechukuliwa, na yeye na watoto wake wamepandishwa lori. Baada ya hapo mji mzima ulijifunza kupita na nyuso kavu.

Siku nyingine, magharibi inakaribia, habaryar alivuka barabara akaja kwetu. Tangu tujuane ni sisi tuliokwenda kwake, yeye hakuwahi kuja, na mama alipomwona akaweka chini alichokuwa ameshika. Dereva wa mumewe alikuwa amerudi na msafara na ameona waliopakiwa kwenye lori la nyuma. Alimjua kaka yangu tangu utotoni. Kesho watalazwa uwanjani.

Mama alikaa chini. Hakulia. Nadhani alikuwa amelia tayari, kila siku tangu kaka aondoke, kwa namna yake ya kusukasuka maziwa bila kusema. Mimi nilianza, na habaryar akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka unga. Kisha akatufundisha.

Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoijua, akatupa yote. Alisema walimfundisha kulia, lakini kilichokuwa kigumu zaidi ni kutolia. Katika filamu moja alicheza mke anayeletewa mumewe amefungwa pingu, na akisema anamjua, atauawa. Kilio kinaanzia kooni. Ukifunga mdomo kinajikusanya hapo, kinapasuka, kwa hiyo uache wazi kidogo, upumue kwa mdomo. Usitazame uso wa maiti. Tazama kitu kilicho karibu na uso, kola, jiwe, chochote, na anayekuangalia atadhani umetazama. Mikono ipe kazi. Mkono usio na kazi hukimbilia machoni.

Alitusimamisha, akatupitisha mbele ya gunia la mtama kana kwamba ndiye. Tulipita, tukarudi, tukapita. Mimi nilishindwa mara nyingi. Mama hakushindwa hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha.

Mwishowe mama alisimama kando ya lile gunia, akaliwekea mkono.

"Nitabita," alisema. "Nitabita kwa sababu ya huyu msichana. Lakini nani atamlilia? Atalala kwa jua kama mbwa, hakuna mtu hata moja."

Habaryar alivuta mtandio wake vizuri, akaenda zake kabla ya kafyu.

Dini yetu imetukataza mayowe juu ya maiti, haikutukataza machozi. Maiti ana haki zake: aoshwe, avikwe sanda, asaliwe, azikwe. Kwa kaka yangu hizo zote hazikuwepo, angefukiwa shimoni na wenzake. Kilichobaki kilikuwa machozi tu, na hayo nayo yalikuwa yamepigwa marufuku.

Asubuhi landrova lilipita likituita kwa kipaza sauti. Maduka yalifungwa. Wanaume walipitishwa kwanza, kisha wanawake. Wahindi wa madukani hawakulazimishwa kuja, na kwa kawaida walikaa ndani, wamefunga milango. Kwa hiyo nilipogeuka na kumwona habaryar kwenye mstari, watu kadhaa nyuma yetu, sikuelewa. Nilidhani amekuja kutuangalia kama tutafanya alivyotufundisha.

Waliwalaza juu ya turubai. Kaka alikuwa wa mwisho, upande wa mto. Sikumtazama uso. Nilitazama kiatu chake, ndara ya ngozi ambayo mkanda wake ulikuwa umekatika na kushonwa kwa waya. Hakuondoka na waya ule. Alikuwa ameushona mwenyewe mahali fulani porini, na alikuwa hajui kushona, na nikiwa pale, mdomo wazi kidogo, nikipumua kama nilivyofundishwa, nilichokuwa nikikifikiria ni jinsi alivyoshona vibaya. Mama aliipa mikono yake kazi. Alinishika shela yangu chini ya kidevu, akaifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena kwa nguvu mpaka nikashindwa kumeza mate.

Askari mmoja alinyoosha fimbo yake mbele ya mama.

"Wewe mama. Unamjua huyu?"

"Simjui," alisema mama.

Nimeishi miaka mingi, nimesikia watu wakisema maneno makubwa kwenye majukwaa. Sijasikia neno zito kuliko lile, na lilisemwa kwa sauti ya mtu anayeulizwa bei ya maziwa. Askari akashusha fimbo. Tukapita.

Hatukufika mbali. Nyuma yetu ilitoka sauti ambayo sikuijua, na mama akanibana mkono nisigeuke, lakini mji mzima ulikuwa umegeuka. Habaryar alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, kwa kaka yangu. Alikuwa ameuvua mtandio wake kichwani, mbele ya wanaume wote wa Garissa na askari wote wa serikali, na anamfunika uso. Nywele zake zilikuwa na mvi, na safari hii hazikuwa za poda. Alikuwa akimwita puttar, puttar, ndivyo wanavyomwita mwana kwa lugha yao. Alilia. Hakuna kitunguu. Alilia kama alivyolia siku ile kwenye shuka, ila siku ile sauti ilitoka kwenye mashine, na leo ilikuwa yake mwenyewe, mbaya, ya kukwaruza, na haikukatika.

Waswahili husema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu siku ile kilianza na wa mbali, na mfiwa hakuingia kabisa. Mama alisimama akitazama mto. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo.

Mkubwa wa askari alikuja mbio. Mumewe habaryar naye alikuja mbio kutoka dukani, ameacha viatu. Mkubwa akauliza huyu Mhindi analilia nini hapa. Mume akasema tafadhali, afande, mke wangu alifiwa na mtoto wa kiume, tangu siku hiyo akiona maiti ya kijana akili yake inapotea. Neno hilo lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, na sijui kama mwenyewe alijua mpaka ulikuwa wapi. Mkubwa akamwuliza yeye mwenyewe kama anamjua yule shifta.

"Mimi mama ya sinema," alisema habaryar, bila kuinua uso. "Mimi lia kila mtoto."

Askari mmoja kijana, ambaye labda aliwahi kuingia jumba la sinema Nairobi, akacheka na kusema hawa Wahindi ndivyo walivyo, hata filamu zao ni kulia tu. Wenzake wakacheka. Kicheko kile kilituokoa, kwa hiyo nimekisamehe, ingawa bado nakisikia. Mkubwa akamwambia mume amtoe mkewe. Yule bibi aliyewahi kusema kwamba mzazi humkana mtoto akatoka kwenye mstari, akavua shela yake ya juu, akamfunika habaryar kichwa. Mtandio wa habaryar haukuondolewa na mtu. Kaka yangu alizikwa nao, na mpaka leo hiyo ndiyo sanda ninayoijua.

Tulirudi nyumbani tukauza maziwa. Ndiyo, tuliuza maziwa. Mlango wetu ulikaa wazi kama siku zote, na hakuna mtu aliyeingia kutupa taazia, maana kuingia kwetu kungekuwa kutusaliti. Watu walinunua, wakasema bei, wakaondoka bila kututazama machoni. Jioni mama aliosha vyombo, akaviosha tena.

Kesho yake asubuhi niliona wanawake wakipita barabarani, mmoja mmoja, na sukari na majani ya chai mikononi. Walikuwa wakienda nyumba ya mawe. Askari wa doria aliwasimamisha, akauliza kuna nini. Yule bibi akamjibu kwa Kiswahili chake kwamba Mhindi amefiwa. Askari akauliza, si ni yule kichaa wa jana? Ndiye, alisema bibi, na jirani akifiwa huendwa, awe na akili au asiwe nayo. Askari akawaachia wapite.

Mama alijaza chombo cha maziwa, akaniambia nivae shela nzito.

Ndani mlikuwa mmejaa. Sijui nani aliwaambia, na nadhani hakuna aliyewaambia. Garissa ya wakati ule ilikuwa na midomo mingi, na mingine ililipwa. Hata mke wa mtu tuliyejua anapeleka habari kwa wakubwa alikuwa amekuja, amekaa pembeni na furushi lake la sukari magotini. Alituona tukiingia, akainamisha kichwa. Habaryar alikuwa amekaa kwenye mkeka wa mfiwa, amevaa nyeupe, macho yamevimba. Sisi tulikaa karibu na mlango, wanapokaa wageni waliochelewa. Yasini ilisomwa. Ilipofika dua, bibi hakutaja jina. Alimwombea "mtoto wa mama huyu," na wanawake wote wakaitikia amin, na mama yangu aliitikia nao, wala si kwa sauti ya juu kuliko wao.

Baadaye, vita vilipokwisha, habaryar na mumewe waliuza duka wakahama, na hatukumwona tena. Mama hakuwahi kuniambia lolote kuhusu siku ile, nami sikumwuliza. Tulilijua sote wawili, lilitutosha.

Lakini mwisho wa dua ile wageni waliinuka mmoja mmoja kumshika mkono mfiwa, kama ilivyo desturi, na zamu yetu ikafika. Mama alipiga magoti mbele ya mkeka. Mlango ulikuwa wazi, na askari wa doria alikuwa amesimama nje kwenye kivuli cha ukuta. Mama akaweka chombo chake cha maziwa chini, akaushika mkono wa habaryar kwa mikono yake yote miwili.

"Bole, walaal," alimwambia. "Bole kwa mtoto wako. Mungu amlaze mahali bema."

"Amin," alisema habaryar.

Mama akainuka, akampisha aliyekuwa nyuma yetu.